Springi Fupi au Koilova: Ulinganisho kwa Mwenye Gari la Michezo

Mtu anayetaka kubadilisha suspensheni ya gari lake la michezo kwa kawaida huanza na jicho. Hulitazama gari kutoka ubavuni, huona pengo kati ya tairi na madigadi, na kuanzia hapo kila swali analouliza huwa la kimo: gari litashuka milimita ngapi, na je, litapendeza? Kimo ni sehemu ndogo tu ya habari. Kinachoamua kama gari litashika barabara kuliko lilivyotoka kiwandani, au litakuwa gumu na lenye kurukaruka bila faida yoyote, ni umbali ambao shokapu imebakiwa nao wa kuzama kabla haijafika mwisho, pamoja na uwezo wa shokapu hiyo kuidhibiti springi iliyofungwa nayo. Ulinganisho huu unazipima njia zote, yaani shokapu mpya, springi fupi na koilova, kwa mambo hayo mawili, hata pale ambapo wauzaji wangependa tuhesabu mengine.

Koilova ni shokapu iliyovikwa springi, ambayo mwili wake umekatwa hesi kwa nje, na juu ya hesi hizo hukaa kikalio cha springi kinachopandishwa au kushushwa kwa kuzungushwa. Magari mengi yenye strati ya MacPherson, yaani shokapu inayolishikilia pia gurudumu, mpangilio ulioenea baada ya Ford kuutumia kwenye Consul na Zephyr za mwaka 1950, tayari yana springi iliyoizunguka shokapu tangu kiwandani. Kwa hiyo upya wa koilova za kununua hauko katika mpangilio, bali uko katika hesi, katika ugumu wa springi, na zaidi ya yote katika vali zilizo ndani ya shokapu, ambazo hakuna anayeziona.

Shokapu mpya kwa kimo kile kile

Njia ya kwanza haitajwi sana kwa sababu haionekani gari likiwa limeegeshwa. Gari lililotembea kilomita laki moja au zaidi kwa shokapu zile zile haliendeshwi tena kama wahandisi wake walivyokusudia, na mwenyewe hajui kwa kuwa uchovu wa shokapu huja polepole. Akifunga koilova juu ya bushi zilizopasuka, jointi zilizolegea na maunti (vishikizo vya juu vya shokapu) zilizokwisha, atahisi tofauti kubwa siku ya kwanza, lakini hatajua ni kiasi gani cha tofauti hiyo kimetokana na koilova na ni kiasi gani kingepatikana kwa kubadilisha tu vilivyochoka.

Shokapu bora za kimo cha kiwandani, mfano wa Bilstein B6 au Koni Sport za njano, huidhibiti springi ya asili vizuri kuliko shokapu zilizokuja na gari, na nafasi ya kuzama hubaki yote. Kwa anayeendesha kila siku kwenye lami yenye viraka na asiyekwenda saketi (uwanja wa mbio), hili ndilo chaguo ambalo ningeliweka mbele. Kasoro yake ni moja na haijifichi: gari halishuki, na kuinama kwake kwenye kona hupungua kwa kasi ya kuinama tu, si kwa kiasi, kwa sababu shokapu huamua gari litainama upesi kiasi gani, lakini ni springi na stabilaiza (fito za kuzuia kuinama) zinazoamua litainama kiasi gani mwishowe.

Springi fupi

Springi fupi huvutia kwa sababu ni rahisi kupatikana, hushusha gari kwa milimita 25 hadi 30 hivi, na fundi yeyote anaweza kuzifunga. Nyingi zimeundwa ili zigeuke ngumu kadiri zinavyobanwa, hivyo hubaki laini kiasi kwenye matuta madogo na kukaza kwenye kona. Zikifungwa na shokapu zinazolingana nazo, matokeo yake ni mazuri kuliko wengi wanavyodhani.

Tatizo liko katika neno hilo "zinazolingana". Tuseme gurudumu lilikuwa na milimita 70 za kuzama kwa kimo cha kiwandani, na springi mpya imelishusha gari kwa milimita 30. Zimebaki 40, na mpira wa kuzuia, ule unaokaa kwenye shafti ili kuipokea shokapu inapofika mwisho, umekwisha kula sehemu ya hizo. Gari litagonga mpira huo mara nyingi zaidi kuliko zamani, si kwenye mashimo tu bali hata katikati ya kona, na linapougonga ugumu wa upande huo hupanda ghafla kana kwamba springi imebadilishwa papo hapo. Ikitokea mbele, gari hukataa kugeuka. Ikitokea nyuma, mkia huachia. Dereva huhisi kwamba gari limekuwa "gumu" na kudhani ndiyo tabia ya springi za michezo, kumbe halitembei tena juu ya springi, linatembea juu ya mipira.

Jambo la pili ni udhibiti. Springi ikiongezwa ugumu, shokapu nayo inahitaji kuongezewa nguvu, ingawa si kwa kiwango sawa: nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu, hivyo springi iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 25 inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi kwa asilimia 12 hivi. Shokapu mpya ya kiwandani inaweza kuvumilia tofauti hiyo kwa muda. Shokapu iliyochoka haiwezi, na gari litabaki likipanda na kushuka mara mbili au tatu baada ya kila tuta.

Ndiyo maana zipo shokapu zilizofupishwa makusudi kwa ajili ya springi fupi. Bilstein B8 ni mfano mmoja, na seti iitwayo B12 ni B8 hizo zikiwa zimeunganishwa na springi za Eibach. Mtu anayelinganisha springi fupi na koilova anapaswa kulinganisha seti ya namna hii, springi pamoja na shokapu, dhidi ya koilova. Kulinganisha springi peke yake na koilova kamili ni kulinganisha nusu ya kazi na kazi nzima, na bei ya nusu lazima ionekane nafuu.

Koilova zenyewe: nini kinarekebishika?

Hapa ndipo jambo linapokuwa pana, kwa sababu jina moja limebeba vifaa vya tabia tofauti kabisa.

Kundi la kwanza hurekebishika kimo tu. Ugumu wa shokapu umepangwa na kiwanda ulingane na springi waliyoichagua, na mnunuzi hana cha kugusa. Bilstein B14 na KW Variant 1 zimo humu. Wengi huliona kundi hili kama la wanyonge, nami siafiki. Mhandisi aliyekuwa na gari lile lile, vyombo vya kupimia na wiki kadhaa za majaribio ana nafasi kubwa ya kupata ulingano mzuri kuliko mwenye gari aliyepiga magoti kando ya tairi na kitufe cha kurekebisha ugumu mkononi.

Kundi la pili lina kitufe kimoja kwa kila shokapu. Katika baadhi yake, kama KW Variant 2, kitufe hubadilisha ukinzani wa kurudi peke yake, yaani pale shokapu inaponyooka baada ya kubanwa. Katika nyingine, kama Bilstein B16 yenye hatua 10 au BC Racing za mfululizo wa BR zenye hatua 30, kitufe hubadilisha kurudi na kuzama kwa pamoja. Idadi ya hatua si kipimo cha ubora. Hatua 30 ambazo kumi za mwisho zote zinahisika sawa ni duni kuliko hatua 10 ambazo kila moja inabadilisha kitu. La kuuliza ni kama hatua za katikati, ambazo ndizo utakazotumia, zinalingana na springi iliyomo kwenye seti.

Kundi la tatu hutenganisha kuzama na kurudi, kila kimoja na kitufe chake. KW Variant 3 ni mfano unaojulikana. Faida yake ni ya kweli kwa anayekwenda saketi na anayeandika kila mabadiliko kwenye daftari. Kwa asiyefanya hivyo ni njia mbili za kukosea badala ya moja, kwa maana dalili ya shokapu ngumu mno kwenye kurudi inafanana sana na dalili ya shokapu ngumu mno kwenye kuzama: gari hukataa kulala juu ya barabara. Ukinzani wa kurudi ukizidi, springi haipati muda wa kunyooka kati ya tuta na tuta, na gari hujishusha lenyewe kidogo kidogo hadi linafika kwenye ile mipira tuliyoitaja. Mtu huongeza ugumu akidhani gari linagonga kwa kuwa ni laini, na hali huzidi.

Nje ya mpangilio huo zipo Öhlins Road & Track, ambazo zina kitufe kimoja lakini vali zake, wanazoziita DFV, hufunguka upesi kwa mapigo ya ghafla katika pande zote mbili. Shimo linapopigwa, oili hupewa njia pana; kona inapoingiwa taratibu, njia hubaki nyembamba. Hiyo ndiyo sababu gari huweza kuwa gumu kwenye kona na bado likapita juu ya viraka bila kuwatesa abiria. Nawataja kwa sababu wanaonyesha vizuri kwamba fedha za koilova huingia zaidi ndani ya pistoni, mahali ambapo picha ya tangazo haifiki.

Mrija mmoja au miwili

Shokapu ya mirija miwili ina mrija wa ndani ambamo pistoni hutembea, na wa nje unaohifadhi oili na gesi ya mkandamizo mdogo. Ya mrija mmoja ina pistoni kubwa zaidi inayotembea ndani ya mwili wenyewe, na chini yake pistoni nyingine inayoelea ambayo hutenga oili na naitrojeni ya mkandamizo mkubwa. Bilstein waliileta aina hii ya pili kwenye uzalishaji wa magari mwaka 1957, kwa Mercedes-Benz.

Katika saketi mrija mmoja una sifa inayoonekana wazi. Oili imegusana na ukuta unaopigwa na upepo, hivyo hupoa upesi, na kwa kuwa gesi imetengwa haichanganyiki na oili kuwa povu, kwa hiyo mzunguko wa kumi unafanana na wa kwanza. Huweza pia kufungwa kichwa chini, mwili mnene ukiwa juu, jambo linaloongeza uimara katika strati za MacPherson ambako shokapu hubeba pia nguvu za pembeni.

Barabarani mambo yanakaribiana. Mirija miwili huanza kutembea kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo huwa laini kwenye mikwaruzo midogo ya lami, na jiwe likiupiga mrija wa nje na kuubonyeza, pistoni iliyo ndani haijui. Kibonyeo hicho hicho kwenye mrija mmoja huweza kuizuia pistoni na kuimaliza shokapu. KW hutumia mirija miwili hata katika seti zake za juu za barabarani, na Tein hutumia mirija miwili katika Flex Z, hivyo anayesema kwamba mirija miwili ni ya koilova za bei ya chini tu anasema asichokijua. Flex Z zenyewe zimefungwa moja kwa moja, haziundwi ili zifunguliwe na kujengwa upya: zikichoka hununuliwa mpya. Kama utalitumia gari miaka mingi, swali la nani atazifungua shokapu zako na kuzijaza oili upya lina uzito sawa na swali la mirija.

Namna mbili za kushusha

Koilova nyingi za Ulaya hushusha gari kwa kushusha kikalio cha springi kwenye hesi. Njia hii ni imara na haina sehemu nyingi, lakini kila milimita ya kushuka inakatwa kwenye nafasi ya kuzama. Kwa sababu hiyo kiwanda hutoa mipaka, na mipaka hiyo si ya kupamba kijitabu.

Koilova nyingi za Japani na Taiwani zina hesi mbili: ya kikalio cha springi, na ya mguu wa chini unaoshikana na gari. Kimo hubadilishwa kwa kuzungusha mwili mzima ndani ya mguu, huku kikalio kikibaki pale pale, kwa hiyo ndani ya shokapu hakuna kilichopungua. Kwa karatasi njia hii ni bora. Barabarani ina mtego wake: shokapu inaweza kuwa na nafasi yote ya kuzama ilhali tairi halina, na likiwa halina, kinachogonga si mpira wa kuzuia bali ni tairi lenyewe ndani ya madigadi. Aidha mguu unatakiwa ubaki umeingia kwa hesi za kutosha kama kiwanda kinavyoagiza, na uunganisho huo hushika kutu usipopakwa mafuta ya kuzuia kushikana. KW wamelijibu tatizo la kutu kwa kutengeneza miili yao kwa chuma cha pua. Wengine huweka rangi na mnunuzi hutakiwa kuitunza.

Liko pia kosa la kudhani kwamba kuikaza springi zaidi kwa kikalio huifanya iwe ngumu. Springi ya kawaida isiyobadilika ugumu haiwi ngumu kwa kubanwa zaidi kabla ya kazi. Ugumu wake ni ule ule, na mkazo huo hubadilisha mahali shokapu inapokaa gari likiwa limesimama.

Namba ya springi hudanganya

Wauzaji huandika 8 kwa 6 au 10 kwa 8, wakimaanisha kilogramu kwa milimita mbele na nyuma. Kilogramu 1 kwa milimita ni nyutoni 9.8 kwa milimita, au pauni 56 kwa inchi. Wanunuzi hulinganisha namba hizo kati ya gari na gari, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu gurudumu haliijui namba ya springi, linaujua ugumu unaolifikia.

Tuchukue pembe moja ya gari, yaani penye gurudumu moja, inayobeba kilo 300, na tutake ipande na kushuka kwa masafa ya hezi 1.8, ambayo ni kiwango cha gari la barabarani lenye roho ya michezo. Magari ya kawaida huwa kati ya 1 na 1.5. Gurudumu linahitaji nyutoni 38 kwa milimita. Kwenye strati ya MacPherson springi hutembea karibu sawa na gurudumu, tuseme 0.95, na kwa kuwa uwiano huo huhesabiwa mara mbili, springi inayotakiwa ni ya kilogramu 4.3 hivi. Kwenye gari lenye mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini ya gurudumu, ambapo springi imefungwa katikati ya mkono na hutembea 0.7 tu ya mwendo wa gurudumu, springi inayoleta tabia ile ile ni ya kilogramu 8. Ndiyo sababu namba inayofaa Honda S2000 au Mazda MX-5 za vizazi viwili vya kwanza, zenye mikono miwili pande zote, ingeligeuza mbele ya Subaru Impreza kuwa mkokoteni. Gari kama Toyota 86 au Subaru BRZ, lililo na MacPherson mbele na mikono mingi nyuma, linahitaji namba mbili zisizolinganishika hata ndani ya gari moja.

Yapo pia magari ambayo nyuma hayana koilova kabisa, kama BMW ya mwili wa E46 au Volkswagen Golf kuanzia kizazi cha nne, ambako springi na shokapu hukaa mbalimbali. Seti nzuri kwa magari haya huacha mpangilio huo na kuweka kikalio chenye hesi chini ya springi. Wapo wanaouza koilova kamili kwa nyuma ya magari hayo. Hizo huhamisha uzito wote wa nyuma kwenye tundu la bolti ya shokapu, mahali ambapo bati halikuundwa kuubeba, na bila kuimarishwa linaweza kupasuka.

Kushusha kiasi gani

Kila suspensheni ina nukta ya kufikirika ambayo mwili wa gari huizunguka unapoinama. Katika MacPherson nukta hiyo hufuata pembe ya mkono wa chini. Ukilishusha gari hadi mkono huo ukawa umepanda kuelekea kwenye gurudumu, nukta huanguka kwa kasi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, na umbali kati ya viwili hivyo hurefuka. Maana yake ni kwamba gari lililoshushwa sana huweza kutaka kuinama zaidi kuliko lilipokuwa juu, na springi ngumu zikalazimika kufanya kazi ya kufuta kosa la kimo. Tairodi, yaani fito za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo hubadili pembe, na usukani huanza kujivuta wenyewe kila gurudumu linapopanda tuta. Kwa sababu hizi nashauri milimita 20 hadi 30, na anayetaka zaidi aandae fedha za kurekebisha jointi za mikono na za tairodi, si koilova peke yake.

Nikilazimika kugawa ushauri kwa watu: anayetumia gari kila siku na anayetaka lishuke kidogo achukue springi fupi pamoja na shokapu zilizofupishwa, au koilova zisizo na kitufe. Anayeendesha kila siku na kwenda saketi mara chache kwa mwaka achukue koilova za kitufe kimoja kutoka kiwanda kinachotoa huduma ya kuzijenga upya. Vitufe viwili ni vya mtu ambaye tayari anajua ni nini kinachomkera katika shokapu alizonazo. Koilova za bei ya chini kabisa, zisizo na jina wala vipuri, nazishindanisha na shokapu mpya za kimo cha kiwandani, na kila mara shokapu hizo hushinda.

Kufunga

Kabla ya kulegeza nati yoyote, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi kwenye magurudumu yote manne na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa upepo wa tairi huingia kwenye hesabu.

Hatari kubwa katika kazi nzima ni springi ya zamani. Imebanwa kwa nguvu ya kilo mamia, na ikiachiwa kwa kulegeza nati ya juu bila vibanio maalumu inaweza kuua. Ikiwa koilova zimekuja na maunti zake za juu hakuna haja ya kuifungua strati ya zamani, iweke kando ilivyo. Gari likae juu ya stendi, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake. Toa waya za ABS na mabano ya mipira ya breki kabla habu haijaning'inia, na kalipa ikitolewa ifungwe kwa waya kwenye mwili wa gari, kwa kuwa mpira wa breki haukuundwa kubeba uzito.

Nati ya juu ya shafti isikazwe kwa mashine ya upepo. Shafti itazunguka ndani ya oili sili na kuikwaruza, na koilova mpya itaanza kuvuja ikiwa haina hata mwezi. Nati za kujikaza zenyewe zibadilishwe, na bolti zote zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kijitabu cha gari. Kabla ya kurudisha rimu, angalia nafasi kati ya tairi na mwili wa koilova au kikalio chake. Milimita 5 ndicho kiwango cha chini ninachokikubali, na ikipungua itahitajika spesa nyembamba ya kulisogeza gurudumu nje.

Kuna hatua moja ambayo hata mafundi wazuri huiruka. Bushi za mpira zimeshikamana na vyuma vya ndani na vya nje, na gurudumu linapotembea mpira hujipinda. Bolti yake ikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira utakuwa umepinda tangu gari linaposhushwa chini, utakuwa kama springi ya ziada isiyotakiwa, na utachanika mapema. Niliwahi kulikosea hili kwenye gari langu mwenyewe. Lilikaa juu kwa milimita kadhaa kuliko nilivyotarajia, nikashusha vikalio kufidia, na baada ya miezi michache nikabadilisha bushi zote za nyuma. Bolti hizo hukazwa uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu, au habu ikiwa imeinuliwa kwa jeki hadi kimo cha mwisho.

Endesha kilomita mia moja au zaidi ili springi na bushi zikae, pima tena, rekebisha kimo, kaza ringi za kikalio, kisha ndipo upeleke gari kwenye alaimenti (kupimwa na kunyooshwa kwa magurudumu). Kupeleka mapema ni kulipa mara mbili. Kwa barabara, kulala kwa matairi ya mbele kwa nyuzi 1 hadi 2, upande wa juu ukielekea ndani, hutosha. Tairi linalolika upesi upande wa ndani mara nyingi limeponzwa na uelekeo mbaya wa matairi kuliko kulala kwake. Taa za mbele nazo hupimwa upya. Anayekwenda saketi apime uzito wa kila gurudumu akiwa na dereva kitini, na atafute jumla ya gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia iwe nusu ya uzito wote.

Vitufe vihesabiwe kuanzia upande mgumu: zungusha taratibu kwenda kulia hadi mwisho bila kulazimisha, kisha rudi ukihesabu. Anza katikati, badilisha mbele au nyuma, si vyote viwili, na rudia barabara ile ile.

Mwishowe funga kibanio cha plastiki cha kufungia nyaya kwenye shafti ya kila shokapu ambayo shafti yake inaonekana, ukisukume hadi kiguse mwili, uendeshe wiki nzima kama unavyoendesha siku zote, kisha ukakitazame. Mahali kilipofika ndipo shokapu ilipofika. Kikiwa kimebaki na sentimita moja au mbili kabla ya mpira wa kuzuia, kimo hicho kiache. Kikiwa kimesukumwa hadi kikajikunja chini ya mpira, pandisha gari milimita 5, rudisha kibanio chini, na uendeshe wiki nyingine.